Gesi ya Joto

Mpaka leo kuna watu Ujiji wakiniona natokeza kwenye kona wanazima sigara. Hawasemi kitu, wanaidondosha tu, wanaikanyaga taratibu kwa adabu zote, halafu wananisalimia kana kwamba hakuna kilichotokea, na mimi naitikia kana kwamba sijaona, na sote tunaendelea na safari zetu tukiwa watu wazima wenye heshima. Nimevumilia. Lakini juzi nimesikia toleo jipya la mkasa wenyewe, eti nililipuka na kipande changu kimoja kikaokotwa Kibirizi, nikaona hapana, hapo imezidi, kama ni kuaibika basi niaibike kwa yale niliyoyafanya mwenyewe, ambayo kwa kweli yanatosha kabisa na hayahitaji nyongeza ya mtu.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, watu wa ng'ambo wanavuka ziwa na magodoro yao na kuku wao na bibi zao, na mji mzima umejaa magari meupe ya mashirika. Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga mbizi. Tajiri mmoja alikuwa anauza samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi rangi wanaokaa kwenye mawe, na mimi na wenzangu tulikuwa tunashuka na mtungi wa hewa mgongoni na wavu mdogo mkononi, tunawakamata, wanafungwa kwenye mifuko ya nailoni, wanapanda ndege, wanakwenda kukaa sebuleni mwa watu Ulaya (samaki wa Kigoma amepata viza kabla yangu, lakini tuyaache hayo). Mavazi ya kazi yalikuwa kaptula. Ziwa letu lina joto, kaptula inatosha, na sikuwahi kusikia samaki akilalamika.

Sasa mwaka huo nikampenda Zaina. Baba yake, Mzee Ramazani, alikuwa amevuka kutoka Kalemie na mke wake, watoto wa kiume wawili, Zaina, na boti la mbao lenye injini ya kufunga nyuma. Wengine walipopelekwa kambini yeye alikaa Bangwe kwa ndugu zake waliohamia zamani, kwa sababu alikuwa na injini. Mwenye injini si mkimbizi, ni mfanyabiashara aliyechelewa kurudi kwao. Alibeba dagaa, alibeba mawese, alibeba wakimbizi wenzake na mizigo yao, na nyumba ikala. Mimi nilishapeleka mshenga na nikaambiwa maneno yamesikika, jambo ambalo kwa wenzetu si kukubaliwa wala kukataliwa, ni kuachwa umesimama mlangoni umeshika kofia.

Halafu injini ikaanguka. Hakuna vita, hakuna dhoruba, ni kijana wa Mzee aliyelegeza vishikio ili aigeuze, akapigiwa kelele na mtu ufukweni, akageuka kumjibu, na injini ikaona huo ndio wakati wake wa kuondoka. Ikazama mbele ya Bangwe pale pale, si mbali na ufukwe, lakini ziwa letu mnalijua, ukitembea kidogo tu unakuta ukuta wa mawe unaoshuka. Mzee Ramazani akawaambia watu wake kwamba bila injini hawana kinachowaweka mjini, kwa hiyo lori la kambini la Jumatatu likija wataandikisha majina na kupanda wote. Wote, maana yake na Zaina. Na kutoka kambini kurudi Kigoma kulikuwa na vibali na vizuizi, na nilijua kabisa kwamba binti mzuri kama yule hatamaliza mwezi kule bila kupata mshenga mwingine mwenye maneno yanayosikika zaidi.

Nikaenda kwa Mzee, nikamwamkia, nikamwambia injini nitaitoa mimi, Jumamosi, ndiyo kazi yangu. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mpaka hapo mtaona kwamba nilikuwa mtu wa maana kabisa na mkasa huu ungeweza kuishia hapa.

Zaina ndiye aliyenisindikiza mpaka njiani, na akaniuliza swali moja dogo.

"Jumamosi mama atakuwa ufukweni anakausha samaki wake, migebuka. Utashuka na ile kaptula yako mbele yake?"

Nikasimama. Hata kwetu Ujiji si adabu mkwe kutembeza mapaja mbele ya mama mkwe, lakini kwao ilikuwa kitu kikubwa zaidi. Kwao mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawali chombo kimoja, wakikutana kwenye kijia mmoja anaingia kwenye majani. Mama Zaina alikuwa ameshika mila hiyo barabara. Miezi yote niliyokuwa napita pale sikuwahi kuuona uso wake vizuri, nilikuwa namjua kwa mgongo na kwa kitenge. Na mimi nikatoke kwenye maji mbele yake nimelowa na kaptula imenishika? Mtu mwenye akili angevaa suruali. Suruali ya kawaida, ya kitambaa, ilowe, ikauke, yaishe. Wazo hilo halikunijia hata kwa bahati mbaya, kwa sababu mimi nilikuwa na suti.

Niwaeleze suti. Kulikuwa na mzungu mmoja aliletwa na shirika kuja kukagua tishari lililozama karibu na bandari, na mimi nikawa kibarua wake wa kubeba mitungi. Alikuja na suti ya mpira mweusi ya kupigia mbizi kwenye maji ya barafu, inakufunika kuanzia nyayo mpaka shingoni, imebana shingoni na viganjani, na ndani yake hauingii hata tone. Unazama na unatoka mkavu. Kwao ni jambo la maana. Kwetu alikuwa anatoka ziwani amelowa zaidi kuliko asingevaa kitu, kwa jasho, na mji ukambatiza Bwana Jasho. Siku ya kuondoka akanizawadia suti ile, nadhani kwa sababu hakutaka kuibeba.

Alinifundisha pia. Suti hiyo, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza na mikono mingi, ukishuka nayo chini maji yanaiminya inakugandia mwilini mpaka inakuachia alama, kwa hiyo kifuani kuna valvu ya kuingizia gesi kidogo kidogo, na mkononi valvu ya kutolea. Na gesi yenyewe huchagui ovyo. Yeye alikuwa na kichupa chake kidogo kiunoni cha gesi moja inaitwa agoni, kwa sababu hiyo, akasema, "nashika joto." Gesi ya joto. Nakumbuka pia alisema kwamba kwenye ziwa kama letu hata hewa ya kawaida inafaa bila wasiwasi, lakini hapo mimi nilishaacha kusikiliza, nilikuwa nimependa ile ya joto. Kichupa chake aliondoka nacho.

Ijumaa nikaenda kwa Fundi Bukuru, Muha wa Kasulu aliyekuwa na karakana ya kuchomelea karibu na stesheni, nikamwambia nataka gesi.

"Ipi, sha? Ninazo tatu," akasema, na akanionyesha kama mtu anayeuza vitambaa.

Ya kwanza ilikuwa upepo, wa kompresa, wa kujazia matairi. Nikaukataa bila kufikiri. Upepo ni wa baiskeli, na mimi nilikuwa mpiga mbizi, sikuwa gurudumu. (Ndugu zangu, hewa niliyokuwa naivuta kila siku kutoka kwenye mtungi wangu mgongoni ilikuwa upepo huo huo, umechujwa tu. Nilikuwa najua. Lakini tukiiweka kwenye tairi tunaiita upepo, tukiivuta puani tunaiita hewa, na Bwana Jasho alisema gesi, na mtu anayetafuta gesi huwezi kumdanganya na upepo.) Ya pili ilikuwa oksijeni, mtungi mrefu mweusi. Hiyo niliiona uchuro, mara ya mwisho kuiona ilikuwa hospitali kwenye kitanda cha shangazi yangu na shangazi hakurudi nyumbani. Ya tatu ilikuwa inatoka kwenye pipa lake mwenyewe alilolitengeneza, unatia mawe fulani ya kijivu, unamwaga maji, yanachemka, inatoka gesi inayonuka vitunguu saumu vilivyooza.

"Mimi natafuta inayoleta joto," nikamwambia.

Bukuru akacheka kwa furaha ya fundi aliyepata mteja anayejua anachotaka. "Joto? Joto ni hii. Hii inayeyusha chuma. Ya kazi gani?"

Sasa hapo ndipo ningeokoka. Sentensi moja tu, "ya kujaza suti niliyovaa," na Bukuru angenifukuza na spana. Lakini mimi nilikuwa nimesomeshwa na mzungu, kwa hiyo nikamwambia, "Ya chini ya maji. Mambo ya kitaalamu, fundi, tukianza kuelezana tutakesha." Akachukua mpira wa ndani wa tairi la lori, akaujaza gesi mpaka ukawa mkubwa kuliko mlango, akauziba vizuri, akanipa na kipande cha bomba.

Jumamosi asubuhi nikaufunga mpira ule nyuma ya baiskeli nikapita nao mjini kwenda Bangwe. Watu walinisimamisha kuniuliza ni wa nini, na mimi nikawa nawajibu "utaona," na sijui kwa nini nilikuwa na hamu sana ya watu waje kuona.

Walikuja. Ufukwe ulikuwa umejaa kama kuna mechi. Wanawake wakaushaji walikuwa upande mmoja na vichanja vyao, migebuka imepangwa juu, moto na moshi chini, na Mama Zaina miongoni mwao, amenipa mgongo kama ilivyopasa. Tangu injini izame alikuwa anakausha samaki na wenzake, na wale wa siku hiyo walikuwa chakula chao cha njiani na cha kuanzia maisha kambini, ikiwa nitashindwa. Mzee Ramazani alikuwa amekaa juu ya boti lake lililopinduliwa. Zaina alisimama karibu na mama yake. Nikaingia nyuma ya ukuta wa mabanzi, nikavaa suti, na ndani yake, kwa ajili ya jasho, nikabaki na chupi. Zipu ilikuwa mgongoni, ya kufungwa na mtu mwingine, kwa hiyo kaka zake Zaina wakaivuta wakanifungia. Nikatoka. Nimefunikwa kuanzia nyayo mpaka shingoni, heshima tupu. Nikaona hata Mama Zaina amegeuza kichwa kidogo.

Tukaunga bomba kutoka kwenye mpira wa lori mpaka kwenye valvu ya kifuani. Haikuingia. Mpira hauna nguvu ya kusukuma peke yake, kwa hiyo nikawaambia mashemeji waukalie. Wakaukalia wawili, wakawa wanarukaruka, na gesi ikaanza kuingia, na mimi nikaanza kuumuka. Kwanza kifua, kisha mikono ikajitenga na mwili, kisha mapaja. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu: Bwana Jasho aliweka kidogo kidogo akiwa chini kwa sababu alikuwa na kichupa, mimi sina kichupa, basi niweke yote hapa hapa juu, iwe akiba. Nikasema, "Ongezeni." Walipomaliza mpira ulikuwa umelala chini bapa, na mimi sikuweza kushusha mikono wala kukutanisha magoti. Mtungi wa hewa ukakataa kunikaa mgongoni, mikanda haikufika. Tukaamua niingie majini kwanza, tuufungie huko. Wakanifunga kamba kiunoni, na mimi nikaenda ziwani kwa kuyumba, na watoto wakanifuata wakiigiza mwendo wangu.

Maji yalipofika kiunoni, miguu ikaniacha. Gesi yote ikakimbilia kwenye nyayo, nyayo zikapanda juu, nikalala chali, masikio ndani ya maji, natazama mawingu. Nikajaribu kuzama. Mtu anayejaza gesi mwili mzima halafu akajaribu kuzama, sijui tumweke wapi. Nilipiga maji, nilijigeuza, nilikuwa najizungusha pale pale, na kila nikikunja shingo ule mpira wa kooni unaachia kidogo na ile harufu ya vitunguu vilivyooza inanipanda puani, na nikaanza kuona mambo yote ni mazuri sana. Nikaanza kucheka. Najua sasa kwamba gesi ile ukiivuta inakulevya, wakati ule nilidhani ni moyo wangu una furaha.

Ndipo Fundi Bukuru akafika, kufuata mpira wake, sigara mdomoni. Nilimwona kwa jicho la pembeni. Aliutazama mpira uliolala bapa, akalitazama bomba, akanitazama mimi, na sigara ikatoka mdomoni mwake ikaenda majini kabla mkono haujafika.

Mengine nimesimuliwa, maana masikio yangu yalikuwa chini ya maji. Nilichoona ni watu wote wa ufukweni kuanza kukimbia huku na huko wakirusha mikono juu, nikajua wananishangilia, nikawapungia.

Bukuru alikuwa amesema, "Zimeni moto wote. Yule mtu ni gesi tupu, cheche moja tu, hatutampata." Bibi mmoja wa Bangwe akamwambia kwa utulivu kwamba kama ni gesi basi apewe maji ya tangawizi na alazwe kwa ubavu. Bukuru akaanza kumweleza kwamba si ya tumboni, ni ya kuchomelea chuma, na Mzee Ramazani akamuuliza alimpaje mtu gesi ya chuma, na Bukuru, maskini, akajitetea kwamba yeye alidhani nakwenda kuchomelea chini ya maji. Lakini hapo neno lilishasambaa. Watu wakachukua ndoo, madumu, sufuria, wakayamwaga maji ya ziwa kwenye kila moto uliokuwepo. Vichanja vyote. Majivu yakaruka, moshi ukageuka matope, na migebuka iliyokuwa imebakiza saa chache iwe tayari ikaoga maji machafu. Ya Mama Zaina ilikuwa ya kwanza, kwa sababu ilikuwa karibu nami. Alimwaga ndoo mwenyewe.

Na mashemeji zangu waliokuwa wameshika kamba, waliposikia cheche moja, waliiachia. Siwalaumu. Nawalaumu kidogo.

Upepo mdogo ulikuwa unatoka nchi kavu. Ukanichukua. Nikawa naondoka taratibu, miguu mbele, kamba inanifuata nyuma, naelekea magharibi. Watu kwa maelfu walikuwa wanaikimbia Kongo kwa kila chombo kinachoelea, na mimi ndiye peke yangu niliyekuwa nakwenda huko, bila hati, bila kasia, nikicheka. Kulikuwa na boti moja la injini linaingia na familia nzima na cherehani yao, wakanikaribia waniokoe, na Bukuru akawapigia kelele na ishara zote za duniani wasisogee na injini ya moto, na wale watu wakanitazama, wakatazama ufukwe ule unaofuka moshi na watu wanaokimbia, na wakageuza boti. Walikuwa wametoka vitani. Walituona sisi wakageuza.

Hapo ndipo kicheko kiliponikatika. Upepo ulinigeuza nikaliona boti la Mzee limepinduliwa kule mbali, na mzee mwenyewe amesimama juu yake, mikono kichwani, na nikaelewa kwamba injini iko chini, mimi niko juu, na Jumatatu ni keshokutwa. Niliogopa. Nilisikia uchungu wa kumkosa Zaina kabla hajaondoka.

Wanaume wote walikuwa wanajadiliana. Mtumbwi mdogo wa kasia uliotoka ulikuwa na mtu mmoja, amefunga kitenge kifuani, anapiga kasia kama mtu aliyezaliwa humo. Nilipoona ni nani nikafumba macho yangu, nikageuzia uso upande wa pili, maana sikujua mkwe akikutana na mama mkwe katikati ya ziwa ni nani anaingia kwenye majani.

"Weye," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu nimjue. "Unacheka nini?"

"Sicheki tena, mama. Shikamoo."

"Ile fasi ya kutolea gesi iko wapi?"

Nikamwambia iko mkononi, inazungushwa. Akaizungusha, ikazunguka bure, mchanga ulikuwa umeingia. Akatoa kisu cha kupasulia samaki. Akanishika kidevu kwa mkono mmoja, ule mkono ambao kwa mila yao haukutakiwa hata kunipokea kikombe, akaninyanyua kichwa, akaniambia nisimeze mate, na akaukata ule mpira wa shingoni kuanzia kwenye koromeo mpaka sikioni. Gesi ikatoka kwa sauti ambayo sitaifananisha na kitu, mnaijua, na harufu mnaikisia. Yeye akageuza uso tu, akangoja iishe. Halafu maji yakaingia mahali pa gesi, suti ikawa nzito, na mimi niliyekuwa nimeshindwa kuzama nikaanza kuzama vizuri sana. Akanishika shati, sikuwa na shati, akanishika nywele. Akanizungushia kamba ile ile chini ya makwapa, akaifunga kwenye mtumbwi, akanivuta mpaka nchi kavu kama mzigo.

Ufukweni sikuweza kusimama, miguu ya suti ilikuwa imejaa maji. Ikabidi wanivue. Bukuru na mashemeji (wamepata ushujaa sasa) wakavuta zipu, wakavuta mikono, wakanitoa taratibu mbele ya Bangwe nzima, na kilichotoka ni mimi na chupi nyekundu ya mtumba yenye maandishi nyuma ambayo sijawahi kutafsiriwa. Nikajikunyata mchangani nikajifunika kwa viganja.

Mama Zaina akafungua kitenge chake cha juu, nikadhani ananifunika. Akakitumia kukaushia kisu.

"Injini iko mu mayi," akasema. "Hapana itangojea suruali. Shuka."

Nikashuka. Nilifungwa mtungi wangu mgongoni, nikachukua kamba, nikaingia na ile chupi, na nitawaambia ukweli, sijawahi kupiga mbizi vizuri kama siku ile, kwa sababu chini ya maji ndipo mahali pekee Kigoma nzima ambapo hakuna mtu aliyekuwa ananitazama. Niliikuta imelala kwenye ukingo wa jiwe, ingeteleza kidogo tu ingekwenda kwenye giza ambalo hakuna mtungi unaofika. Nikaifunga. Nilifunga mara ya pili juu ya ya kwanza, nikavuta kamba, na safari hii mashemeji hawakuiachia.

Usiku ule waliifungua, wakaiosha kwa maji ya bomba na mafuta, na Jumapili jioni ikakohoa, ikatoa maji, ikawaka. Mzee Ramazani aliizima akaiwasha tena, mara kadhaa, kwa kusikia tu. Jumatatu lori lilikuja likaondoka.

Mimi nimeapa, na nasema mbele yenu: mtu akiniuliza gesi gani, nitajibu upepo, na akiniuliza ya kazi gani, nitamweleza kila kitu mpaka aniombe ninyamaze. Suti aliichukua Bukuru, akaikatakata viraka vya mipira ya baiskeli, na inasemekana ni viraka bora.

Lakini kikao cha posa kilikuwa bado. Tulikaa kwa Mzee Ramazani, wazee wangu upande mmoja, wao upande mwingine, na mjomba wake Zaina akasimama akasema maneno yamesikika na sasa yanajibiwa, binti ni wenu, ila kuna jambo moja. Kwao, akasema, mama mkwe akiona mapaja ya mkwe lazima afutwe macho, na macho ya mama mkwe hufutwa kwa kitenge. Wazee wangu wakaona ni haki. Wakauliza ni nani hao waliokuwa ufukweni. Basi hapo ndipo nilipojua ukubwa wa ukoo niliouoa. Mama mdogo wake Zaina aliona. Mama mkubwa aliona. Bibi wa tangawizi akasimama akasema binti huyu ameoga kwake tangu avuke, kwa hiyo naye ni mama mkwe, na aliona, na akaanza kueleza alichokiona mpaka akaombwa akae. Wakaushaji wote wa Bangwe wakawa wamemlea Zaina. Mmoja alidai viwili kwa kuwa alikuwa amesimama mahali ambapo aliona mbele na nyuma. Nikatoa. Wazee wangu walikuwa wanatazama chini, mabega yanawatikisika.

Mwisho mjomba akageuka mlangoni, ambako Mama Zaina alikuwa amekaa kama kawaida, ametugeuzia mgongo, anachambua dagaa. Akamwambia, mama mwenyewe, haki yako ndiyo kubwa, migebuka yako ndiyo iliyoharibika, na wewe ndiye uliyekuwa karibu kuliko wote, chagua rangi.

Hakugeuka. Aliendelea kuchambua mpaka tukadhani hakusikia.

"Mimi hapana niliona kitu," akasema. "Siku ile nilikuwa nimefumba macho."

Mama yule alinikata mpira shingoni kwa kisu cha samaki, mtumbwi unayumba, ncha iko upana wa kidole kutoka kwenye koo langu, na hakunichubua hata ngozi.